Yerusalemu: Mji Mmoja, Dini Tatu

Wahenga wetu walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Aliyeishi na watu atakubali kwamba methali hii haikutungwa bure. Hata hivyo, uko mji mmoja duniani ambao kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu umekuwa zizi la mafahali watatu: dini ya Kiyahudi, dini ya Kikristo na dini ya Kiislamu. Zizi lenyewe ni dogo. Mji wa kale, yaani ule uliomo ndani ya kuta, haufiki hata kilometa moja ya mraba. Mtu mwenye miguu mizima aweza kuuvuka toka upande wa magharibi hadi wa mashariki kwa muda wa nusu saa. Mji huo ni Yerusalemu.

Jina hili si geni masikioni mwetu. Mtoto wa Kikristo hulisikia kanisani tangu hajajua kusoma. Mtoto wa Kiislamu huujua mji huo kwa jina la Baitul Mukadasi au Al-Quds, na kila unapofika usiku wa 27 wa mwezi wa Rajabu husimuliwa habari za Miraji, jinsi Mtume Muhammad alivyopelekwa kutoka Makka hadi huko, na kutoka huko akapaa mbinguni. Lakini kwa wengi wetu Yerusalemu hubaki kuwa mji wa vitabuni. Twajua majina ya manabii wake, wala hatujui watu wake walipata wapi maji ya kunywa. Twajua majina ya majeshi yaliyoubomoa, wala hatujui ni nani aliyefagia vifusi asubuhi ya pili.

Insha hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya mji huo, imani za wakazi wake na maisha yao ya kila siku. Hoja yetu ni kwamba mambo haya matatu hayatenganiki. Wafalme wengi walitaka kuumiliki Yerusalemu peke yao, na kila aliyefanya hivyo alileta maangamizi. Kilichouhifadhi mji hadi leo ni kazi ndogondogo za watu wa kawaida, na makubaliano ya unyenyekevu baina ya watu wasioomba kwa namna moja.

MAHALI PENYEWE

Yerusalemu umejengwa juu ya milima, kiasi cha meta 750 kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi ardhi huteremka hadi pwani ya bahari ya Mediterania. Upande wa mashariki huanza jangwa linaloshuka hadi Bahari ya Chumvi. Mji hauna mto. Hauko kando ya bandari, wala ardhi yake haina dhahabu. Mvua hunyesha wakati wa baridi tu, na kuanzia mwezi wa Mei hadi Oktoba mbingu hukauka kabisa.

Watu wa kwanza walikaa hapo kwa sababu moja nyepesi: chemchemi. Chini ya kilima, katika bonde la Kidroni, hububujika maji ya Gihoni, na pembezoni mwake watu wameishi kwa zaidi ya miaka elfu tano. Katika karne ya 14 K.K. mtawala wa mahali hapo, aliyeitwa Abdi-Heba, alimwandikia barua Farao wa Misri akiomba msaada wa askari. Barua zake, zilizochorwa juu ya vigae vya udongo, zingalipo. Basi mji huu ulikwisha kuwa na mtawala na mwandishi wake kabla haujawa mji mtakatifu wa yeyote katika dini hizi tatu.

HEKALU LA WAYAHUDI

Kwa mujibu wa Biblia, Mfalme Daudi aliutwaa mji huu akaufanya makao makuu ya Israeli, na mwanawe Sulemani akajenga humo Hekalu. Wanahistoria hukadiria zama za Daudi kuwa mnamo mwaka 1000 K.K. Tangu hapo macho ya Wayahudi yameelekezwa huko katika sala, wawe Babeli, Yemeni, Hispania au Habeshi.

Kazi moja ya zama hizo ingali yaonekana, nayo haikuwa kazi ya dhahabu wala marumaru. Kuelekea mwisho wa karne ya nane K.K., Mfalme Hezekia alipoona majeshi ya Ashuru yanakaribia, aliamuru maji ya Gihoni yapitishwe chini ya ardhi hadi ndani ya mji. Mafundi walichimba mwamba kwa urefu wa meta 533, kundi moja likianzia huku na jingine kule, wakakutana kati. Mwaka 1880 yaligunduliwa ukutani humo maandishi ya Kiebrania yanayoeleza jinsi wachimbaji walivyosikia sauti za wenzao ng'ambo ya mwamba kabla ya kuuvunja. Hayamtaji mfalme hata kidogo. Yanawataja watu wa sururu.

Mwaka 586 K.K. Wababeli wa Nebukadreza waliuteketeza mji pamoja na Hekalu, wakawachukua mateka wakuu wake. Waliorudi kutoka uhamishoni walilijenga Hekalu la pili, likakamilika mnamo mwaka 515 K.K. Baadaye Mfalme Herode alilipanua kwa fahari kubwa. Lakini mwaka 70 B.K. Warumi, wakiongozwa na Tito, waliuangamiza mji, na baada ya uasi wa mwaka 132 hadi 135 Kaisari Hadriano aliwakataza Wayahudi kuishi humo, akaubadilisha hata jina ukaitwa Aelia Capitolina. Kilichosalia kwao ni sehemu ya ukuta uliozunguka uwanja wa Hekalu. Hapo, kwenye Ukuta wa Magharibi, Wayahudi huja kuomba na kuingiza katika nyufa za mawe vikaratasi vilivyoandikwa haja zao.

KABURI NA KUBA

Wakristo huuheshimu Yerusalemu kwa kuwa ndimo Yesu alimoteswa, akafa na kufufuka. Kaisari Konstantino alipoikubali dini hiyo, aliamuru lijengwe kanisa mahali palipoaminiwa kuwa ndipo kaburi lilipokuwa. Kanisa hilo la Kaburi Takatifu liliwekwa wakfu mwaka 335, na mahujaji wakaanza kumiminika kutoka Ulaya, Siria, Misri na Habeshi.

Kwa Waislamu nao mji huu una daraja kubwa. Ulikuwa ndio kibla chao cha kwanza, wakielekea huko katika sala kwa muda wa miezi kumi na sita au kumi na saba baada ya Mtume kuhamia Madina, kabla ya kuamrishwa kuelekea Makka. Mnamo mwaka 638 mji uliingia mikononi mwao bila kumwagwa damu ndani yake. Hapa pana masimulizi mawili ambayo watu wa Yerusalemu hawachoki kuyarudia.

La kwanza ni kwamba Khalifa Umar bin Khattab alipokuwa akitembezwa kanisani na Patriarki Sofronio, wakati wa sala ulifika. Patriarki alimkaribisha aswali mle mle. Umar alikataa, akatoka akaswali nje, kwa kuhofia kwamba Waislamu watakaokuja nyuma wangelitwaa kanisa kwa hoja kuwa Khalifa aliswali humo. La pili ni kwamba alipofika kwenye uwanja wa Hekalu, aliukuta umegeuzwa jaa la mji. Hakuwaita watumwa. Alijaza takataka katika joho lake mwenyewe akaenda kuzimwaga, na wenzake wakamfuata kufanya vivyo hivyo. Inasimuliwa pia kuwa Wayahudi, waliozuiwa kukaa mjini tangu zama za Hadriano, waliruhusiwa tena kurejea.

Mahali hapo palipofagiwa, Khalifa Abdul Malik alijenga Kuba la Mwamba, lililokamilika mwaka 72 wa Hijra, sawa na 691 au 692. Upande wake wa kusini ukasimama msikiti wa Al-Aqsa. Hivyo ndivyo mafahali watatu walivyojikuta zizini.

ALIYETAKA PEKE YAKE

Tusimdanganye msomaji kwamba tangu hapo mambo yalikuwa shwari. Mwaka 1009 Khalifa Al-Hakim wa Misri aliamuru Kanisa la Kaburi Takatifu libomolewe. Lilijengwa upya baada ya miaka mingi. Tarehe 15 Julai, 1099 majeshi ya Vita vya Msalaba kutoka Ulaya yaliuteka mji, yakawachinja Waislamu na Wayahudi, wanaume kwa wanawake. Kuba la Mwamba likafanywa kanisa na Al-Aqsa ikafanywa kasri. Kwa miaka 88 mji ukawa wa dini moja.

Sultani Salahuddin aliutwaa tena tarehe 2 Oktoba, 1187, nayo ilikuwa siku ya 27 ya Rajabu, siku ya Miraji. Waliokuwa ndani walitazamia kulipiziwa kisasi. Badala yake Sultani aliwatoza fidia, dinari kumi kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, wakaondoka salama. Maskini wengi waliachiliwa bure, ingawa maelfu wengine wasio na kitu walichukuliwa utumwani. Washauri wake wako waliomshawishi alibomoe Kanisa la Kaburi ili Wakristo wasiwe na sababu ya kurudi, alikataa. Wayahudi nao wakaruhusiwa kukaa mjini.

Gharama ya vita hizo yaonekana katika habari moja ndogo. Mwaka 1267 mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi aitwaye Moshe ben Nahman aliwasili kutoka Hispania. Katika barua kwa mwanawe alieleza kwamba katika mji mzima, uliokwisha kuvamiwa na Wamongoli, aliwakuta Wayahudi wawili tu wenye makazi: ndugu wawili waliokuwa na kazi ya kutia nguo rangi. Katika nyumba yao ndimo walimokutana watu kuomba siku ya Sabato. Msingi wa jamii ile iliyoanza upya haukuwa jeshi. Ulikuwa nyumba ya mafundi wawili wa rangi.

MAISHA YA KILA SIKU

Mwaka 1517 Waturuki waliishinda Misri baada ya kuitwaa Siria, na Yerusalemu ukawa chini yao kwa miaka mia nne. Kuta tunazoziona leo, zenye urefu wa karibu kilometa nne, zilijengwa na Sultani Suleimani kati ya mwaka 1537 na 1541. Zina milango minane, na mmoja kati yake, Mlango wa Rehema, umezibwa kwa mawe. Ndani yake mji umegawanyika mitaa minne: wa Waislamu, wa Wakristo, wa Waarmenia na wa Wayahudi. Lakini mitaa hiyo haikutengwa kwa ngome, na vichochoro vyake vimefungamana kama nyuzi za mkeka. Hakuna aliyeweza kununua, kuuza, kuoka au kuteka maji bila kukutana na mtu wa dini nyingine.

Tuanze na maji. Chemchemi ya Gihoni haikuweza kuutosheleza mji uliokua. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na birika lililochimbwa chini ya ua, na paa likajengwa kwa namna ya kukinga mvua. Mama wa nyumba alilifunga birika lake kwa mfuniko na kufuli, na mvua za kwanza zilipoanza alihakikisha kwamba paa na ua vimefagiwa, kwa sababu uchafu wa juu ndio utakaonywewa mwezi wa Agosti. Maji mengine yaliletwa kwa mfereji kutoka mabirika makubwa karibu na Bethlehemu. Sultani Suleimani aliujenga upya mfereji huo, akaweka katika njia za mji sabili za mawe yaliyonakshiwa, ili mpita njia yeyote anywe bure. Miaka ya ukame wachukuzi wa maji walipita mlango hadi mlango wakiwa na viriba vya ngozi ya mbuzi mgongoni, na bei ya kiriba ikawa ndiyo habari kubwa ya mji kuliko habari za Sultani.

Mkate nao uliwakutanisha watu. Nyumba nyingi hazikuwa na tanuri. Kila asubuhi watoto walichukua kichwani sinia za vinyunga vya unga hadi kwenye tanuri la mtaa, na mwokaji alijua sinia ya nani ni ipi. Ijumaa jioni, kabla jua halijatua, Wayahudi walipeleka vyungu vyao vya chakula cha Sabato, kwa kuwa dini yao yawakataza kuwasha moto siku hiyo. Chungu kilikaa usiku kucha katika joto la tanuri, kikatolewa kesho yake kimeiva. Hadi leo njiani huuzwa mikate mirefu ya duara iliyotiwa ufuta, ambayo huliwa na zaatari, yaani majani makavu yenye harufu nzuri yaliyotwangwa pamoja na ufuta na chumvi. Mkate huo hauulizi dini ya mnunuzi.

Masoko yamefunikwa kwa matao ya mawe, hata wakati wa kiangazi mna ubaridi. Yako masoko matatu yaliyolala sambamba, likiwamo la wauza viungo na dawa na lile la wachinjaji; na kuelekea uwanja wa Al-Aqsa liko soko la wauza pamba, lililojengwa mwaka 1336. Wiki ya mji huu ina siku tatu za ibada: Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Mwenye duka huyu afungapo, jirani yake hufungua. Adhana ya alfajiri hufuatwa na kengele, na baina ya hizo husikika nyayo za Wayahudi wakiteremka ngazi za vichochoro kwenda ukutani kuomba.

Wenye kugombana walikwenda kwa kadhi. Daftari za mahakama hiyo, ambazo zimehifadhiwa tangu karne ya 16, zinaonyesha Wayahudi na Wakristo wakifika mbele ya kadhi wa Kiislamu kwa hiari yao, juu ya deni, ukuta unaovuja, au birika la jirani wawili. Usawa kamili haukuwapo, kwa maana wasio Waislamu walitozwa kodi ya kichwa na waliwekewa masharti kadha wa kadha. Lakini mlango wa mahakama ulikuwa mmoja.

Na maskini? Mwaka 1552 Hurrem, mke wa Sultani Suleimani, aliweka wakfu jiko kubwa la kulisha wahitaji. Asubuhi palipikwa supu ya mchele na jioni supu ya ngano, pamoja na mkate, kwa mapato ya mashamba na vijiji vilivyowekwa wakfu kwa kazi hiyo. Masultani wameondoka na dola yao imekwisha, lakini jiko lile bado lagawa chakula. Yafaa tulipime jambo hilo: katika kila alichojenga mtawala, kilichodumu katika kazi yake ile ile ya kwanza ni chungu.

UFUNGUO NA NGAZI

Hakuna mahali panapoonyesha vizuri zaidi ugumu wa kukaa pamoja kuliko Kanisa la Kaburi Takatifu. Madhehebu sita ya Kikristo yana haki humo: Wagiriki, Wakatoliki wa Kilatini, Waarmenia, Wakopti wa Misri, Wasiria na Wahabeshi. Kwa karne nyingi waligombania kila nguzo na kila taa. Hatimaye Sultani wa Uturuki, kwa amri za mwaka 1757 na 1852, aliagiza kwamba kila kitu kibaki kama kilivyo: anayemiliki aendelee kumiliki, anayepita apite saa yake, na asiwepo wa kusogeza hata msumari pasipo ridhaa ya wenzake. Juu ya mlango mkuu, chini ya dirisha, iko ngazi ndogo ya mbao ambayo imekuwapo tangu karne ya 18, kwa kuwa haipatikani ridhaa ya wote ya kuiondoa.

Katika mpango huo hata ufagio ni jambo zito, maana anayefagia mahali ndiye mwenyewe. Mwaka 1901 watawa wa Kigiriki na wa Kilatini walipigana juu ya nani ana haki ya kufagia kidato kimoja cha ngazi nje ya kanisa. Tukumbuke hapa joho la Umar. Ufagio ule ule uwezao kuwa ibada waweza kugeuka silaha, kutegemea moyo wa aushikaye.

Na ufunguo wa mlango? Huo haukupewa dhehebu lolote. Uko mikononi mwa koo mbili za Kiislamu: ukoo wa Joudeh hutunza ufunguo, na ukoo wa Nuseibeh hufungua mlango. Wao huirejesha amana hiyo hadi zama za Salahuddin, na wengine hadi zama za Umar. Mnamo saa kumi alfajiri mtawa aliyelala ndani hupitisha ngazi kwenye tundu la mlango. Mwislamu aliye nje huiegemeza, hupanda, hufungua kufuli la juu, hushuka, kisha hufungua la chini. Mlango wasukumwa kutoka pande zote mbili. Usiku hufungwa kwa utaratibu huo huo. Mkristo hawezi kuingia katika patakatifu pake bila Mwislamu, wala Mwislamu hawezi kuufungua mlango bila ngazi ya Mkristo.

Hata Wakristo wenyewe wameonyesha kwamba waweza kupatana. Kijengo kilichofunika kaburi kilikuwa hatarini kuanguka, na tangu mwaka 1947 kilishikiliwa kwa vyuma vilivyowekwa na Waingereza. Baada ya majadiliano ya miaka mingi, Wagiriki, Wakatoliki na Waarmenia walikubaliana kukitengeneza, na kazi ikakamilika mwezi Machi, 2017.

WAAFRIKA KATIKA YERUSALEMU

Hapana budi tueleze habari za Waafrika, maana nao ni wenyeji wa mji huu tangu kale.

Wahabeshi walifika kama mahujaji tangu karne za mwanzo za Ukristo, na wakati fulani walikuwa na sehemu zao ndani ya Kanisa la Kaburi. Wakati wa Waturuki walishindwa kulipa kodi na kuzipoteza moja baada ya nyingine. Mwaka 1838 tauni iliwaua karibu watawa wao wote, na vitabu vyao vikachomwa. Leo watawa wao huishi juu ya paa la kanisa, mahali paitwapo Deir es-Sultan, katika vibanda vidogo vinavyofanana na nyumba za kijiji cha Habeshi. Usiku wa Pasaka huzunguka juu ya paa hilo kwa ngoma na nyimbo. Hata paa lina ugomvi wake, kwa kuwa Wakopti nao hulidai: mwaka 2002 mtawa wa Kikopti alisogeza kiti chake kukimbia jua, Wahabeshi wakaona mpaka umevukwa, na katika mapigano yaliyofuata watu 11 wakapelekwa hospitali. Mapenzi ya Wahabeshi kwa mji huu yaonekana hata kwao: makanisa 11 ya Lalibela, yaliyochongwa katika mwamba, yanasimuliwa kuwa yalikusudiwa kuwa Yerusalemu mpya, na kijito kipitacho hapo huitwa Yordani.

Waislamu wa Kiafrika nao wana mtaa wao, hatua chache kutoka lango la Al-Aqsa, katika majengo mawili ya karne ya 13 yaliyojengwa kuwa nyumba za mahujaji maskini na baadaye yakafanywa magereza. Mababu zao walitoka Chadi, Sudani, Nijeria na Senegali, wengi wakipitia Makka kwanza, kwa maana ilikuwa desturi ya hujaji kumalizia safari yake Baitul Mukadasi. Wakati wa Waturuki Waafrika waliaminiwa ulinzi wa milango ya Haramu hiyo. Wajukuu wao huzungumza Kiarabu na ni watu wa mji kama jirani zao.

MJI ULIOGAWANYIKA

Mwezi Desemba, 1917 Waingereza waliutwaa mji kutoka kwa Waturuki. Katika utawala wao ugomvi baina ya Wayahudi na Waarabu ulikua, kwa kuwa kila upande ulidai nchi nzima ya Palestina. Mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulipendekeza Yerusalemu uwe chini ya usimamizi wa kimataifa, lakini vita vya mwaka 1948 viliugawa: sehemu ya magharibi ikawa ya Israeli, na mji wa kale ukawa chini ya Yordani. Waarabu wa magharibi walipoteza nyumba zao. Wayahudi wa mji wa kale walifukuzwa, masinagogi yao yakabomolewa, na kwa miaka 19 hawakuweza kuufikia ukuta wao. Mwezi Juni, 1967 Israeli ilitwaa sehemu zote; na mara moja Mtaa wa Wamoroko, uliowekwa wakfu mwaka 1193, ulibomolewa ili kupanua uwanja mbele ya ukuta ule. Wenyeji wake walipewa muda mfupi tu kutoka. Tarehe 21 Agosti, 1969 mgeni mmoja alitia moto msikiti wa Al-Aqsa, na mimbari iliyoletwa na Salahuddin ikateketea; mpya ikawekwa mwaka 2007.

Israeli hudai mji wote kuwa makao makuu yake, na Wapalestina hudai sehemu ya mashariki kuwa makao makuu yao. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio la mwaka 1980, lilikataa kuitambua sheria ya Israeli juu ya mji huo. Mwaka 1981 mji wa kale uliingizwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu, na mwaka 1982 katika orodha ya urithi ulio hatarini. Haki ya watu waliofukuzwa majumbani mwao haiwezi kufunikwa kwa maneno matamu ya ujirani. Ufunguo wa mlango wa kanisa ni mfano mwema, lakini bado si suluhu ya nchi.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kila aliyetaka Yerusalemu uwe wake peke yake aliuachia makovu: Hadriano, Al-Hakim, watu wa Msalaba, na wa karne ya 20 vilevile. Tumeona pia kwamba baada ya kila maangamizi mji uliinuliwa na watu wasioandikwa sana vitabuni: wachimbaji waliosikilizana ng'ambo ya mwamba, watia rangi wawili, mchukuzi wa kiriba, mwokaji wa mtaa, mpishi wa jiko la wakfu, na mzee anayeamka usiku kuwafungulia wengine mlango wa kanisa asimoswali yeye.

Sisi nasi tu watu wa dini mbalimbali tunaoshirikiana visima, masoko na mahakama. Mwalimu asomapo insha hii na wanafunzi wake, na awaulize: katika kijiji chenu au mtaa wenu, ni nani mwenye ufunguo wa jambo la wote? Ni nani hufagia mahali ambapo si pake? Wanafunzi wakawaulize wazee, waandike majina na habari watakazopewa. Methali ya fahali wawili ni kweli, lakini fahali hawajui kuwekeana amana. Binadamu anajua, na panapokosekana watu wa kuitunza amana hiyo kila siku, hata mji mtakatifu hugeuka kifusi.